Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mama Jalada alikuwa mtu wa kutoa pole. Alimpa pole aliyepiga chafya, aliyenyeshewa, aliyepanda ngazi na mzigo na aliyeshuka ngazi mikono mitupu. Asubuhi aliwapa pole waliokuwa wanaingia kazini, jioni akawapa pole walewale wakitoka. Kitabu kikiletwa kwake kimevunjika mgongo, alikipapasa kwanza na kukiambia, "Pole, baba," ndipo akatafuta gundi. Pale kiwandani walitania kwamba siku Mama Jalada akifa, maiti yake itainuka kidogo iwape pole wachimba kaburi.

Jina lenyewe alipewa na kazi. Kilikuwa kiwanda cha uchapaji, na yeye kwa miaka ishirini na saba ndiye aliyezifanya karatasi zilizochapwa ziwe kitabu. Alikaa chumba cha nyuma chenye dirisha moja refu, mbele ya meza nzito ya mbao. Karatasi zilimjia zimekunjwa. Akazipanga, akazishona kwa uzi uliopakwa nta, akazipaka gundi mgongoni, akazivalisha jalada na kuzibana mpaka zikauke. Ukingo wa meza ile ulikuwa umeliwa mahali pawili, pale alipozoea kuegemeza viwiko. Shimo la kushoto lilizama zaidi, kwa sababu akiwaza aliegemea kushoto, na alikuwa mtu wa kuwaza.

Siku moja mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Bosi usoni na Bwana Kesho kisogoni, aliwakusanya wafanyakazi chumbani humo.

"Kuna mtambo unakuja," alisema. "Unapanga, unashona, unapaka gundi, unavalisha jalada. Upande huu unaingiza karatasi, upande ule unatoka kitabu."

"Na chai unapika?" aliuliza Wembe. Wembe ndiye aliyeshika mashine ya kukatia karatasi. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulikata kuliko mashine yake.

"Wewe cheka tu," alisema Bosi. "Mtambo unakuja na fundi wake, kutoka huko huko ulikotengenezwa. Atakaa miezi mitatu. Lugha yetu hajui hata neno moja. Akiondoka ataandika ripoti ya kusema mtambo aachiwe nani. Atakayeelewana naye ndiye atakayeushika. Wengine tutawatafutia pa kuwaweka."

Watu waliacha kucheka. Pa kuwaweka, katika kiwanda kile, ilikuwa na maana ya stoo: chumba cha viti vilivyovunjika na kalenda za miaka iliyopita. Wazee wawili walishawekwa humo. Mmoja alistaafu miaka mingi iliyopita; wa pili bado alikuwamo, na hakuna aliyekuwa na hakika kama yeye ameambiwa kwamba ameshastaafu.

Mama Jalada aliitazama mikono yake. Alibakiwa na miaka minne kazini. Mtambo hakuuogopa, cherehani nazo zilikuja zamani na watu wakaendelea kushona. Aliogopa kukaa miaka minne kati ya kalenda za zamani, mikono imelazwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Jioni ileile alikwenda kujiandikisha kujifunza Kigeni.

Kigeni ndilo jina lililoandikwa kwenye kibao, na mtaa mzima uliiita hivyo lugha ile: KIGENI FASAHA KWA MIEZI MITATU. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kinyozi, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, kiasi kwamba wanafunzi walijua nani ananyolewa na ana maoni gani juu ya serikali. Mwalimu alikuwa mzee nadhifu aliyewahi kuwa karani wa wajenzi wa barabara wa nchi ile kwa miaka minane. Wajenzi walikwisha kwenda zao. Yeye alibaki na lugha yao, koti moja, na kitabu cha mazungumzo chenye picha.

"Katika Kigeni," alisema Mwalimu siku ya kwanza, "kila kitu ni cha kiume au cha kike. Kijiko ni cha kiume. Sahani ni ya kike. Meza ni ya kike."

Mama Jalada aliinua mkono. "Samahani, Mwalimu. Nani aliyeinama akatazama?"

Darasa liliangua kicheko, na kinyozi upande wa pili akazima mashine yake ili ahadithiwe.

Siku ya ndugu ilikuwa ngumu zaidi. Mwalimu aliandika neno moja ubaoni, akasema hilo ni shangazi. Na mama mdogo? Hilohilo. Na mama mkubwa? Hilohilo. Na mke wa mjomba?

"Hilohilo, mama."

"Wakikutana kwenye msiba wanajuaje nani alie zaidi?"

Mwalimu alikiri kwamba kwa miaka minane hakuwahi kuwauliza.

Nyumbani alifanya mazoezi sebuleni, mbele ya mumewe, dereva mstaafu aliyependa kusikiliza redio kwa sauti ya chini na kuijibu kwa sauti ya juu. Kigeni kilikuwa na sauti moja inayotokea chini kabisa ya koo, kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mara ya kwanza alipoijaribu, mzee alitupa redio kwenye kochi, akamrukia na kumpiga mgongoni.

"Toa! Toa!"

"Niache bwana, nasoma!"

Wiki ya pili Mama Jalada aliuliza swali lililokuwa limemkaa rohoni tangu mwanzo. Alishajua "habari za asubuhi", alishajua "karatasi", "gundi", "uzi", "mvua". Lakini alijiona kama mtu aliyevaa vizuri akasahau viatu.

"Mwalimu, pole wanasemaje?"

Mwalimu alijaribu kukumbuka. Miaka minane alikuwa na watu wale, barabarani, juani, kwenye vumbi la kokoto, na hakukumbuka hata siku moja kuwasikia wakipeana pole. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuligundua jambo hilo mpaka dakika ile. Lakini mtu mwenye kibao mlangoni hawezi kusema hajui. Alipekua kitabu chake mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Kulikuwa na picha: bwana mwenye kofia amemkanyaga mguu bibi mwenye mkufu. Bibi kaachama mdomo. Bwana kaweka mkono kifuani, na juu ya kichwa chake limeandikwa neno.

"Hili hapa," alisema Mwalimu. "Mtu kaumia, mwenzake anamwambia. Pole."

Chini ya picha kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo: kwamba neno lile husemwa na aliyekosa kumwambia aliyekosewa, na maana yake ni "kosa ni langu". Mwalimu hakuyasoma. Miwani yake alikuwa ameisahau kwenye kiti cha kinyozi.

Mama Jalada alilishika neno lile kwa moyo wote. Alilisema akipika, akifua, akifunga mlango. Mumewe alipojigonga kidole kwenye mguu wa kochi, alimkimbilia na kulitamka mara tatu, mwiba na kila kitu. Miaka thelathini na moja ya ndoa yule mzee alikuwa akingoja kusikia mkewe akisema kosa ni lake. Siku ilipofika, hakuelewa.

"Unasema nini?" aliuliza, kashika kidole.

"Nakupa pole."

"Asante. Sema kwa lugha ya watu basi."

Fundi alifika mwezi uliofuata. Alikuwa mrefu, mwenye uso wa mtu anayesikiliza injini, na kwenye mfuko wa shati alipanga bisibisi tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kama vile karani apangavyo kalamu. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshapata jina: Bwana Bisibisi. Alikuwa amechoka, na sanduku lake la nguo lilikuwa limepotea njiani, hivyo shati alilovaa ndilo alilokuwa nalo. Hayo Bosi aliwaeleza wote.

Mama Jalada alivua aproni, akasogea mbele, akakohoa. Pole na safari alikuwa ameiandaa kwa wiki nzima.

"Sanduku," alisema kwa Kigeni, akitabasamu. "Safari. Kosa ni langu."

Bwana Bisibisi aliyeanza kutabasamu aliacha. Aliuliza jambo, kwa haraka. Mama Jalada hakulielewa, ila alihisi kwamba pole moja haikutosha.

"Kosa langu kubwa," aliongeza.

Mgeni alimtazama kwa muda, kisha akatoa daftari dogo mfuko wa nyuma akaandika.

"Umeona?" Mama Jalada alimnong'oneza Wembe. "Kaliandika kabisa. Kafurahi."

"Mimi nimemwambia 'karibu' kwa mkono," alisema Wembe. "Kaelewa vilevile."

Siku zikaenda. Mvua ilinyesha, mgeni akaingia amelowa, Mama Jalada akamwambia, "Mvua. Kosa ni langu." Mgeni akatazama dari, kisha akamtazama yeye. Akapata mafua: "Mafua. Kosa ni langu." Akajikwaa kwenye ngazi, fyuzi ikaungua, umeme ukakatika mtaa mzima, na kila mara yule mama mnene mwenye uso wa huruma alijitokeza mlangoni kukiri. Kila mara daftari likatoka.

Kisha siku moja mgeni alipigiwa simu, akaikata, akaketi juu ya boksi la karatasi, kazi akaiacha. Wembe, ambaye hakuwa amejifunza Kigeni hata chembe lakini alikuwa na mikono inayosema, alikwenda kumpeleleza, akarudi na habari: alilaza shavu kiganjani, akafumba macho, akaonyesha mbinguni. Nani? Wembe akainua mkono kuonyesha mtu mzima, akachora gauni, akajifanya analea mtoto.

"Mama yake?"

"Nimemuuliza hivyohivyo. Anakataa."

"Basi shangazi," alisema Mama Jalada. "Au mama mdogo. Kwao yote moja."

Alinawa mikono mpaka gundi yote ikatoka. Alisimama mbele ya mgeni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yakamjaa macho, maana naye alilelewa na shangazi.

"Shangazi," alimwambia. "Kosa ni langu. Kosa langu kubwa sana."

Bwana Bisibisi aliuvuta mkono wake polepole, kama mtu anayeutoa kwenye mdomo wa mbwa. Mchana ule alinunua kufuli la kufungia vifaa vyake.

Ajabu ni kwamba mtambo wenyewe Mama Jalada aliuelewa kuliko wote. Ulijaza nusu ya chumba chake, ukaisukuma meza yake mpaka ukutani, lakini ulishona kama alivyoshona yeye: kuingia, kuzunguka, kukaza. Siku moja, akiwa amewapa mgongo, alisikia mshono ukiruka kwenye mkunjo wa tatu. Aligeuka, akaenda, akauonyesha uzi kwa kidole. "Uzi. Kavu," alisema kwa Kigeni. Mgeni alibisha kwa kichwa, akakagua robo saa nzima, akakuta ndivyo. Badala ya kufurahi alimtazama kwa woga zaidi. Atajuaje penye hitilafu, aliandika, kama si yeye aliyeiweka?

Kwa hiyo upande mmoja wa chumba alikuwapo mwanamke aliyeamini mambo yanakwenda vizuri, na upande wa pili alikuwapo mwanamume aliyeanza kula chakula chake akiwa amesimama, mgongo ukutani.

Ikafika siku ya majaribio. Bosi alivaa tai. Wafanyakazi wote walijipanga ukutani. Bwana Bisibisi alifanya marekebisho ya mwisho, akafunika kifuniko, akabonyeza, na mtambo ukaanza kutoa vitabu: kimoja, kumi, ishirini. Watu wakaanza kupiga makofi. Ndipo ikasikika sauti ndani yake, kraa, na kila kitu kikasimama.

Mgeni alifungua kifuniko. Jino la gia kubwa lilikuwa limevunjika. Akaweka mikono yote miwili kichwani, asitikisike. Hakuna aliyemsogelea.

Mama Jalada hakuweza kuvumilia. Miezi miwili ya kazi, mbali na kwao, shangazi kafa, sanduku halijapatikana, na sasa hili. Alisogea mpaka karibu, na kwa sauti iliyosikiwa na kila mtu chumbani akampa pole kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

"Kosa ni langu," alisema kwa Kigeni. "Kosa langu kubwa sana, sana."

Bwana Bisibisi aligeuka. Alimnyooshea kidole, akamgeukia Bosi, akaanza kusema, akasema, akasema, huku akipiga daftari kwa kiganja. Bosi hakuelewa neno hata moja. Lakini kidole alikielewa.

Saa tisa Mwalimu aliitwa aje kutafsiri. Walikaa ofisini kwa Bosi: Bosi nyuma ya meza yake yenye mtoto wa meza, yaani droo, asiyefungika tangu enzi, Mwalimu na koti lake, mgeni na daftari, Wembe kama shahidi, na Mama Jalada kwenye ukingo wa kiti, aproni mapajani. Bosi alisema kwa upole, na upole wa Bosi ulikuwa jambo la kutisha.

"Mama, huyu bwana anasema mtambo umeuvunja wewe. Anasema hata mwenyewe umekiri. Na anasema si mara ya kwanza. Kama ni kweli, si stoo tena, mama. Ni nyumbani."

"Mimi?" alisema Mama Jalada.

Mwalimu alivaa miwani, akapokea daftari, akasoma kwa sauti ya karani.

"Tarehe tatu. Mwanamke wa vitabu amekiri kupoteza sanduku langu."

"Nani?"

"Subiri, mama. Tarehe sita. Amekiri mvua."

Bosi aliinua kichwa. "Amekiri mvua vipi?"

"Imeandikwa hivyo tu, Bosi. Hapa pembeni kaongeza, 'Ametoboa paa?' na alama ya kuuliza." Mwalimu akalamba kidole, akafunua. "Tarehe kumi. Amekiri mafua yangu. Sijui ameyaleta kwa njia gani. Nimeacha kunywa chai ya hapa. Tarehe kumi na mbili. Amekiri ngazi. Tarehe kumi na nne. Umeme wa mtaa mzima. Amekiri bila kulazimishwa."

Wembe aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamcheza.

"Tarehe ishirini." Mwalimu alisita. "Amekiri kifo cha shangazi yangu. Amenishika mkono na kulia. Shangazi amefia hospitalini, mbali sana na hapa, lakini mwanamke huyu alijua. Nimenunua kufuli."

"Shangazi wa watu!" Mama Jalada alisimama, aproni ikaanguka. "Mimi hata picha yake sijaiona! Mimi nilimpa pole!"

"Ulimpa pole kwa neno gani, mama?" aliuliza Bosi.

Alilitamka. Bwana Bisibisi aliruka kidogo kitini na kumnyooshea kidole tena: mnasikia?

Shingo ya Mwalimu ilianza kutoka jasho. Alitoa kitabu chake ndani ya koti, akakifungua ukurasa wa arobaini na moja, na kwa mara ya kwanza, akiwa na miwani, akayasoma maelezo yale ya herufi ndogo. Aliyasoma mara mbili. Angeweza kukifunga kitabu. Mama yule hakuwa na wa kumtetea, na pale ofisini hakuna mwingine aliyejua neno lile lilitoka wapi. Alivua miwani.

"Bosi," alisema, "kosa ni langu."

Akaeleza yote, kwanza kwa lugha yetu, halafu kwa Kigeni. Bosi alishika kichwa. Lakini mgeni alikuwa na maswali. Neno hilo, pole, ni nini basi? Mwalimu alijaribu. Husemwa kwa mtu aliyepatwa na jambo, alieleza. Sawa, alisema mgeni, na anayesema ndiye aliyelisababisha? Hapana. Anajua aliyelisababisha? Si lazima. Atalirekebisha? Pengine hawezi. Basi anasema kwa nini?

Mwalimu alisimama ili aeleze vizuri kwa mikono, na goti lake likajigonga kwenye mtoto wa meza asiyefungika, ko!

"Pole!" alisema Bosi.

"Pole!" alisema Wembe kutoka ukutani.

"Pole, Mwalimu wangu," alisema Mama Jalada, na machozi yake bado mashavuni.

"Poleni huko!" alisema mtu aliyekuwa akipita dirishani na hata hakujua ni nani kaumia.

"Nimeshapoa," alijibu Mwalimu, akilisugua goti.

Bwana Bisibisi alitazama midomo yao mmoja mmoja. Akahesabu kwa vidole. Watu wanne, goti moja. Mtoto wa meza, mwenye kosa peke yake, alikuwa kimya. Mgeni akaangalia daftari lake, tarehe tatu, sita, kumi, na uso wake ukabadilika taratibu kama wa mtu anayesoma barua ya zamani aliyoisoma vibaya. Alipofika tarehe ishirini alifunga daftari.

Lakini gia ilikuwa imevunjika bado, na gia haivunjiki kwa pole. Walirudi wote kwenye mtambo. Mama Jalada, kupitia kwa Mwalimu, alisema jambo moja: kabla ya ile kraa, alisikia ti-ti-ti, kitu kidogo, cha chuma, kinachezacheza chini. Alikunja mkono wa gauni. Mkono wa mgeni usingeingia pale. Wa kwake, uliozoea kupenya migongo ya vitabu, uliingia mpaka kiwiko. Alipapasa, akauma ulimi, akautoa mkono akiwa ameshika kitu.

Ilikuwa bisibisi. Ile ndogo.

Macho yote yalikwenda kwenye mfuko wa shati. Kubwa. Ya kati. Na pengo.

Bwana Bisibisi naye aliugusa mfuko, kama mtu anayejua lakini anaomba iwe vinginevyo. Shingo ikawa nyekundu, kisha masikio. Alimgeukia Mama Jalada, akaweka mkono kifuani kabisa kama bwana wa kwenye picha, na akasema neno la ukurasa wa arobaini na moja. Ndiyo mara ya kwanza Mama Jalada kulisikia kutoka kwa wenyewe. Lilikuwa fupi kuliko alivyodhani, na halikuwa na mwiba.

"Pole, baba," alimjibu, kwa mazoea tu.

Mgeni alilirudia neno hilo chini kwa chini, akaliandika.

Gia mpya ilichukua wiki mbili kufika, na katika wiki hizo Bwana Bisibisi alitoa pole kama mtoto aliyepewa filimbi. Alimpa pole Bosi kwa tai yake. Aliipa pole birika. Alimkuta Wembe amelala juu ya mabunda ya karatasi akamwambia, "Pole na kazi," na kiwanda kizima kikashindwa kufanya kazi kwa dakika kumi. Mwalimu naye alibadilisha kibao: sasa kilisomeka KIGENI FASAHA KWA MIEZI MINNE. Mwezi mmoja, alieleza, ni wa herufi ndogo. Sanduku lilipatikana, lilikuwa limekwenda nchi nyingine kabisa na kurudi, nguo zimekunjwa vizuri kuliko alivyoziacha mwenyewe.

Ripoti iliandikwa. Mwalimu alipoitafsiri mbele ya wote, jina lilikuwa moja, na sababu ilikuwa mstari mmoja: anausikia mtambo kuliko mimi.

Siku ya mwisho ya mgeni walikusanyika tena chumba cha nyuma. Mtambo ulihitaji nafasi ya mtu kuuzunguka, kwa hiyo Bosi alikuwa ameagiza ile meza ya ukutani iondolewe. Itakwenda stoo, alisema. Tutaitafutia pa kuiweka. Watu wawili waliinyanyua. Mlangoni haikupita, ikabidi wailaze ubavu, na ikapita hivyo, ukingo wake umeelekea chumbani: mashimo mawili, la kushoto limezama zaidi.

"Hongera, Mama Jalada!" walipiga kelele. "Hongera, bi mkubwa wa mtambo!" Bosi alimpa mkono. Wembe alipiga kopo la wino kama ngoma.

Mama Jalada alisema asante, asanteni, na macho yake yalikuwa mlangoni.

Bwana Bisibisi, sanduku mkononi, alikuwa naye anatazama mlangoni. Aliitazama meza mpaka ikapotea kwenye ujia, kisha akamtazama mama.

"Pole," alisema.

Wembe aliacha kupiga kopo. "Ah, siyo hiyo, bwana! Miezi mitatu yote! Hapa ni hongera. Ho-nge-ra!"

Wakacheka wote, Bosi mpaka akalegeza tai. Mgeni aliona haya. Alitoa daftari, akatafuta kalamu alifute neno na kuandika lingine, lakini Mama Jalada aliweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Acha," alimwambia kwa Kigeni. Neno hilo alikuwa amelijua kutoka kwenye kitufe chekundu cha mtambo. Kisha akamalizia kwa lugha yake.

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Ila ndivyo inavyojibiwa.